Sauti Isiyo na Muhuri

Saa nne asubuhi programu ya Tulizo ilitoa taarifa yake ya tatu juu ya Shimo la Kwanza, na kwa mara ya tatu ikasema maneno yale yale: Hakuna dalili ya uhai. Uhakika, asilimia tisini na tisa. Chini yake ukawaka ule muhuri wa bluu ambao siku hizi hakimu akiuona hata miwani havai.

"Umejionea mwenyewe, Mama Komba," alisema Meneja Lyatuu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na orodha ya zamu mkononi. "Mara tatu. Saa tisa alasiri tunaziba."

"Tunaziba nini?"

"Shimo."

"Lenye watu ndani?"

"Lenye marehemu ndani. Hewa chafu inavuja kuelekea Shimo la Pili, na kule kuna watu arobaini na mmoja walio hai. Unataka na hao tuwapoteze?"

Ebo! Mtu anajikinga kwa watu arobaini na mmoja, na hao hao hajawapandisha juu, kwa sababu vito havichimbwi na watu waliokaa juani. Nilimwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti. Mimi ni Theofrida Komba, fundi sauti wa Machimbo ya Lukwenga, na hasira zangu ziko karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Lyatuu alikwisha kunizoea. Alitazama saa yake tu, akatoka kwenda kulihimiza gari la zege.

Shimo lilikuwa limeporomoka jana yake asubuhi. Orodha ilikuwa na majina matatu: Longinus Haule, kiongozi wa zamu, na wenzake wawili. Bomba la hewa lilikatika mita sitini chini, kwa hiyo hata ungelitegea sikio lilikuwa bubu. Kilichobaki ni yale tunayoyaita masikio, vifaa vinane vilivyozamishwa ndani ya mwamba, kila kimoja kwenye mrija wake wa chuma, vikisikiliza mawe mchana na usiku na kuleta namba kwenye kompyuta yangu. Kompyuta moja kwa mgodi mzima! Hiyo hiyo ipokee masikio, hiyo hiyo ipige king'ora cha hewa chafu huko Shimo la Pili. Ubahili wa wenye mgodi huu unatisha.

Na namba zile huwezi kuzisikiliza hivi hivi. Tangu ile miaka ya sauti za kughushi, watu walipokuwa wakipigiwa simu na marehemu wao na kuagizwa wauze mashamba, sheria ilikata mzizi wa fitina: hakuna sauti itakayotoka kwenye kompyuta yoyote bila kupita kwenye Tulizo. Tulizo inaisafisha, inaondoa inachokiona ni kelele, inaipunguza, kisha inaipiga muhuri. Sauti isiyo na muhuri si ushahidi, na anayeicheza hadharani ana kesi ya kujibu. Watu walishangilia siku ile sheria ilipopita. Hata mimi nilishangilia, Mungu anisamehe.

* * *

Nilitoka nje nipunge upepo kabla sijavunja kitu. Getini walikuwa wamejaa ndugu wa wale watatu, wamefungiwa turubai, wamewekewa maji. Pembeni ya turubai, juani kabisa, alisimama mwanamke mmoja peke yake, kanga kaifunga kiunoni kama aliyekuja kulima. Nilimtambua. Ni Mwanahawa, anayekaanga mihogo pale njia panda.

"Mbona husogei kivulini, mdogo wangu?"

"Wamenikataza. Kivuli ni cha ndugu wa waliomo."

"Na wewe je?"

"Na mimi mume wangu yumo!" Alisema kwa ukali hadi waliokuwa chini ya turubai wakageuka. "Adinani. Jana alfajiri alikuja kutafuta kibarua. Akakuta mtu wa nne wa zamu ana homa, wamemfuta orodhani, basi wakamchukua yeye deiwaka pale pale mdomoni mwa shimo. Nimemweleza meneja. Kaangalia karatasi yake, kasema jina halimo, niende nikamtafute kwa mke mwenzangu." Alitema mate pembeni. "Dada, mimi sina mke mwenza!"

 Nikamshika mkono.

"Wewe si ndiye unayesikiliza?" akauliza. "Umemsikia?"

"Mashine haijasikia kitu."

"Sijakuuliza mashine."

 Miaka saba nimekalia kile kiti nikijiita fundi sauti, na tangu jana sikuwa nimesikiliza chochote. Nilikuwa nasoma. Tulizo inasikiliza, mimi nasoma ilichoandika, halafu nanywa maji. Hasira yote niliyomwekea Lyatuu ikanigeukia mwenyewe.

"Kaa kivulini," nikamwambia. "Atakayekugusa aje kwangu."

Hakukaa. Alisema hatakaa mahali alipofukuzwa.

* * *

Kabatini kwangu, chini ya makoti ya mvua, kilikuwapo kigeuzi changu cha zamani, kiboksi cha bati kikubwa kidogo kuliko Biblia, cha enzi nilipokuwa narekodi kwaya Songea. Wasiokijua niwaambie: ndani ya kompyuta hamna sauti, mna namba tu. Kigeuzi ndicho kinachozipokea namba na kuzigeuza umeme wa kusukuma spika. Siku hizi kila kompyuta ina cha kwake tumboni, na hicho na Tulizo ni chanda na pete. Changu ni cha nje, kinachomekwa kwa waya, kilitengenezwa kabla ya sheria. Mbele yake kina kidirisha kinachoonyesha namba elfu ngapi zinaingia kwa sekunde moja. Kile kidirisha hakijui kumpendeza mtu.

Masikio yetu huleta namba mia na tisini na mbili elfu kila sekunde, kila namba biti ishirini na nne. Nikachomeka waya, nikavaa spika za masikioni, nikafungua sikio namba sita, lililo karibu zaidi na uchochoro wa Longinus. Kidirisha kikaandika 48.

"Mshenzi wewe," nikaiambia kompyuta.

Tulizo ilikuwa imejipenyeza katikati. Namba tatu katika kila nne imezimeza, na kwenye zile biti ishirini na nne imeniachia kumi na sita. Zile nane za chini, ambamo sauti nyonge kabisa ndimo hukaa, imezikwangua na kuzimwaga, kama mpishi anayetupa ukoko na hajui kuna watu wanaugombea. Nikazima usafishaji. 48. Nikabadilisha mpangilio wa kigeuzi. 48. Nikazima kompyuta nzima, nikaiwasha, nikachomeka waya tundu la nyuma. Kikaandika 192, kisha mbele ya macho yangu kikarudi 48. Tulizo ilikuwa imechelewa kuamka tu.

Ndipo nikaikumbuka njia ya peke yake. Ni njia ya kale, wenye Tulizo waliiacha kwa ajili ya mafundi wa kupima mitambo: programu moja inakishika kigeuzi peke yake, inamimina namba kama zilivyo, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kutia mkono. Nilipoibonyeza, likatokea onyo jekundu.

Njia hii itanyamazisha sauti nyingine zote za kompyuta, pamoja na king'ora cha hewa chafu, Shimo la Pili. Endelea?

Nikaondoa kidole haraka.

"Afadhali umesoma," alisema Lyatuu. Alikuwa amerudi, sijui alisimama pale tangu saa ngapi. "Ukiendelea hapo, watu arobaini na mmoja hawana king'ora. Hewa ikiwafikia watalala kimya kimya. Na atakayekuwa amewaua ni wewe, Mama Komba, siyo mimi."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ningebonyeza kwa siri nikasikiliza dakika kumi, pengine pasitokee baya. Pengine. Lakini kuwacheza watu kamari bila wao kujua, ndiyo kazi ile ile aliyokuwa akiifanya yeye tangu jana. Kama roho ya Adinani si ya kuandikwa asilimia, na zao pia si za kuandikwa pengine.

"Basi wapandishe juu," nikasema. "Saa moja tu."

"Kwa sababu ya nini? Kwa kelele zisizo na muhuri utakazosikia wewe? Siwezi kusimamisha mgodi kwa hisia za mama mmoja."

"Mama yupi, mimi au yule uliyemnyima kivuli?"

"Yule mumewe hayumo kwenye orodha."

"Orodha umeiandika wewe!"

"Ndiyo maana naijua." Akanyoosha mkono kuchomoa waya wa kigeuzi. Nikaukinga kwa kiwiko, nikamtazama. Sikumtukana, na nadhani hilo ndilo lililomtisha. Mkono wake ukarudi mfukoni.

Nikainua simu ya mgodi, nikamwita Osmund Ngonyani, kiongozi wa zamu Shimo la Pili. Nilimweleza yote bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba nataka kusikiliza wenzao, kwamba nikisikiliza king'ora chao kinakufa, kwamba meneja amekataa, na kwamba inawezekana nikaambulia patupu.

Upande wa pili palikuwa na mlio wa nyundo, kisha nyundo zikaacha.

"Dada," alisema Osmund, "tangu jana hakuna aliyetuuliza kitu. Wewe ndiye wa kwanza. Ngoja niwaulize na wenzangu."

Hawakuchukua hata dakika mbili.

"Tunapanda, wote. Longinus alinifukua mimi mwaka juzi kwa kucha zake. Usibonyeze mpaka unione mlangoni kwa macho yako."

Lyatuu alinyang'anya simu, akasema habari ya kufukuza kazi, akasema habari ya polisi. Alikuwa akiongea na simu iliyokwisha katwa.

* * *

Lifti ya Shimo la Pili hubeba watu sita. Nilikaa na kidole mezani nikihesabu safari zake kwa mngurumo, huku gari la zege likijipanga nje na kuanza kuzungusha tumbo lake. Saa nane na dakika ishirini mlango ulifunguliwa. Osmund, mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Arobaini na mmoja. Nimewahesabu mara mbili. Bonyeza."

Nikabonyeza. Kidirisha kikaandika 192, nikangoja, kikabaki 192. Nikapandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho, kwa maana ukiipunguza humo ndani umekwisha zichezea namba, na nikapunguza kwa kitasa cha kigeuzi chenyewe. Halafu nikafumba macho.

Mwanzoni ulikuwa mwamba tu. Mwamba hauko kimya, jamani. Unachemka kwa mbali, maji yanatafuta njia, vipande vidogo vinalia vikijipanga. Nikaongeza kitasa kidogo, kidogo tena.

Ko. Ko. Ko.

Kisha kimya, kisha mapigo mengine mepesi, ya haraka haraka. Sikuyahesabu. Mlio ule niliufahamu, na nilifahamu vilevile kwa nini Tulizo haikuusikia.

Ilikuwa chai.

Kila mtu wa Lukwenga anajua chai inavyoagizwa. Aliye chini hugonga bomba la hewa kwa jiwe mara tatu kwa nguvu: jikoni, sikilizeni! Kisha hugonga mepesi, pigo moja kwa kila kikombe. Jikoni hugonga idadi ile ile kuhakikisha, na aliye chini humalizia kwa pigo moja: haya, leteni. Basi ndoo ya vikombe hushushwa. Ndivyo wanavyoishi, ndivyo walivyofundishana, na mtu aliyefukiwa gizani hatungi mapigo mapya, hugonga anayoyajua.

Na miaka saba iliyopita, walipoleta Tulizo, mimi ndiye niliyekaa wiki nzima kuifundisha. Hili jiwe, haya maji, hii sauti ya mtu, hii kelele. Longinus peke yake alikuwa akiagiza chai mara tano kwa siku, na yalikuwa yananichosha yale mako-ko-ko. Nikafungua kumbukumbu sasa, mbele ya Osmund, nikaonyesha kwa kidole. Kundi la kumi na nne: bomba, chai. Futa daima. Aliyeidhinisha: T. Komba.

"Wamekuwa wakiita tangu jana," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaziba midomo. Niliandika kwa mkono wangu huu, nikaenda zangu kula."

Osmund alisoma, akasoma tena. Nilitaka anipige, kwa kweli nilitaka.

"Tutagombana baadaye," alisema. "Toa hiyo kitu nje wasikie."

* * *

Tulibeba spika ya kantini tukaiweka dirishani, waya ukatoka kwenye kigeuzi moja kwa moja. Watu arobaini na mmoja wa Shimo la Pili walikuwa wamekwisha kaa chini mbele ya gari la zege, wamekunja miguu kama wanaosubiri pilau, na dereva alikuwa amezima injini bila kuambiwa. Ndugu walitoka chini ya turubai. Mwanahawa alibaki pale pale juani.

"Naonya mbele ya mashahidi," alisema Lyatuu. "Sauti hii haina muhuri. Atakayeicheza—"

"Nimeicheza," nikasema.

Ko. Ko. Ko.

Mke wa Longinus akapiga yowe, wenzake wakamziba mdomo ili wasikie. Kimya kikapita. Kisha yale mepesi yakaanza, na uwanja mzima ukahesabu bila kupanga, kwa midomo tu.

Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

 Watu walitazamana, kisha wakamtazama mwanamke aliyesimama juani.

"Ni mwangwi," alisema Lyatuu. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Walioshuka ni watatu. Hilo la mwisho ni mwangwi, mwamba una—"

"Mwangwi unakunywa chai?" nikamkatiza. Loo, nilimfokea hadi koo likaniuma. "Umewaandika watatu kwa sababu wa nne ukimwandika utaulizwa ulimshusha kwa kibali gani! Ulijua! Ungemzika mtu hai ili karatasi yako iwe safi, na mimi nimekusaidia, maana mashine yako imejifunzia uziwi kwangu. Kashtaki! Twende wote, tukae benchi moja!"

Spika ikarudia. Matatu mazito. Kimya. Manne mepesi.

Nyuma yangu kompyuta ikatoa taarifa ya nne. Niliiona kupitia dirishani, imepigwa muhuri wake wa bluu. Hakuna dalili ya uhai.

"Jikoni," alisema Mwanahawa kwa sauti ya kawaida kabisa, "mbona hamjibu?"

Osmund ndiye aliyeelewa kwanza. Alichukua nyundo kubwa, akamwongoza hadi kwenye mrija wa chuma wa sikio namba sita, unaotokeza juu ya ardhi nyuma ya ofisi, akampa. Watu wakafuata kwa ncha za vidole. Mwanahawa alifunga kanga upya, akainua nyundo, akapiga. Mara nne, bila pupa, akiacha nafasi kati ya pigo na pigo.

Tukangoja.  Kutoka dirishani spika ilitoa mchemko wa mwamba, maji, mchemko.

Ko.

Pigo moja. Haya, leteni.

Sijui nani alianza kulia. Nadhani ni mimi. Osmund alikuwa tayari anapiga kelele kuomba mashine ya kuchimba, watu wake wakaruka juu na kutimka, na dereva wa gari la zege akalirudisha nyuma mwenyewe kuwapisha njia.

Mwanahawa hakukimbia. Aliweka nyundo chini taratibu, akatembea hadi kwa Lyatuu, akaitoa orodha mkononi mwake. Hakupokonya, aliichukua tu, na yeye akaiachia.

"Kalamu," alisema.

Lyatuu akampa.

Aliandika chini ya yale majina matatu, akiegemeza karatasi kwenye ukuta wa ofisi, herufi moja moja, kubwa, kalamu ikitoboa toboa: ADINANI MTALIKA. Akasoma alichoandika. Akamrudishia karatasi yake na kalamu yake.

Halafu akaenda kukaa kivulini.